Clemence, maksai wake na mteremko wa Fort Belhumeur

Asubuhi hii, kabla geti la Fort Belhumeur halijafunguliwa kwa wageni, Clemence Vermette ametapika nyuma ya zizi, akasukutua mdomo kwa maji ya ndoo, akajifunga shali yake ya kazini na kwenda kumchukua maksai.

"Usiandike hilo," anasema. Halafu anafikiri kidogo. "Ah, andika tu. Hapa kila mtu anajua."

Maksai anaitwa Toussaint. Ni wa rangi ya udongo mwekundu, ana kifua kipana, na pembe moja imepinda kuelekea chini. Clemence alimlea kwa chupa jikoni kwake, baada ya mama wa ndama huyo kufa kwenye theluji. Leo wawili hawa wana mtihani: washuke mteremko unaotoka getini hadi mtoni, na gari lenye mzigo nyuma, mbele ya afisa wa bima. Wakishuka salama, Toussaint anabaki. Wasiposhuka salama, Jumatatu linakuja lori la kumpeleka machinjioni.

Clemence ana miaka hamsini na minane. Katika maisha yake amezama kwenye barafu akaokolewa, na amezaa ndani ya pikapu katikati ya dhoruba. Anasema hakuna kati ya hayo lililompa hofu kama mteremko huu, ambao mtoto mdogo akiachiwa anashuka mbio akicheka.

"Nikiuangalia kwa juu, tumbo linageuka. Nikiuangalia kwa chini, linageuka tena. Sasa niuangalie kutoka wapi?"

Fort Belhumeur haikuwahi kuwa ngome ya jeshi. Kilikuwa kituo cha biashara pembezoni mwa nyika ya Manitoba, ambako watu walileta ngozi zenye manyoya wakaondoka na mablanketi, shanga, masufuria na baruti. Kile cha zamani kiliungua. Hiki cha sasa kilijengwa upya na serikali ya jimbo miaka arobaini iliyopita, gogo kwa gogo, juu ya majivu ya kile cha kwanza. Mabibi zake Clemence waliuza ngozi hapa. Yeye anauza habari zao kwa wageni wenye kamera.

Analipwa dola kumi na tisa kwa saa, Mei hadi Septemba. Miezi mingine anasafisha shule. Kazi yake hapa ni kuongoza gari la maksai na kujibu maswali.

"Wananiuliza kama tunalala humu," anasema. "Nawaambia ndiyo, friji tumeificha nyuma ya mapipa."

Gari lenyewe lina magurudumu mawili makubwa, marefu kama mtu, na halina hata msumari mmoja. Ni mbao tupu zilizofungwa kwa ngozi mbichi. Halina breki pia. Kwenye mteremko, anayelizuia ni ng'ombe mwenyewe, kwa mkanda uliopita nyuma ya mapaja yake. Na ekseli yake haipakwi mafuta kamwe. Vumbi la nyika likikutana na mafuta linakuwa msasa, na msasa huo unaila ekseli hadi inakatika njiani. Ndiyo maana tangu zamani watu wa Clemence, Wametisi, uzao wa wafanyabiashara wa Kizungu na wenyeji wa nyika, waliacha mbao zisuguane kavu, na gari likapiga kelele.

Kelele hiyo haielezeki kwa ustaarabu. Ni kama nguruwe kumi wanaochinjwa kwa kisu butu. Wageni huziba masikio kwa vidole, kisha huchomoa kidole kimoja ili wabonyeze simu na kurekodi. Mkulima wa ng'ambo ya mto hulalamika kila msimu. Clemence alishaacha kuisikia tangu akiwa mtoto. Toussaint naye hajawahi kuvuta gari bila kelele hiyo mgongoni mwake.

Isipokuwa siku moja tu, Jumamosi ya mwezi Juni.

Siku hiyo bintiye Clemence, Mireille, alikuwa anaolewa. Harusi ilikuwa ifanyike katika kanisa dogo la mbao lililo kando ya mto, na bibi harusi ateremke kwa gari la maksai, kama ilivyo desturi ya familia. Ndani ya gari, pembeni ya bibi harusi, hukaa mpiga fidla. Mpiga fidla wa ukoo huo ni Norbert Lafournaise, binamu yake Clemence, ambaye pia ndiye seremala anayeyatengeneza magari haya.

Norbert ni mzee mwembamba mwenye masharubu ya kujivunia. Anaulizwa kuhusu siku ile akiwa amekaa juu ya gurudumu lililolazwa, patasi mkononi, na hasubiri swali liishe.

"Mimi ndiye niliyepaka. Sikatai. Nimepiga fidla ndani ya gari hilo kwenye harusi zisizo na idadi, na sijawahi kusikiwa hata noti moja! Watu wanaona mkono unakwenda tu, kama mtu anakata mkate. Nikasema, harusi ya Mireille, hapana. Huyu nimembeba akiwa mtoto. Huyu atasikilizwa."

"Atasikilizwa nani?" anadakia Clemence kutoka zizini. "Sema ukweli, mzee. Ulitaka kusikilizwa wewe."

"Sawa, na mimi pia."

Asubuhi ya harusi, Norbert alipaka mafuta ya ng'ombe pande zote mbili za ekseli. Alijua mafuta yanaharibu mbao. Alikuwa tayari kuchonga ekseli nyingine Jumatatu. Akina shangazi walimsifu kwa wazo hilo, na padri alicheka. Hakuna aliyefikiria masikio ya Toussaint, hata Clemence aliyemlea.

Walipotoka getini, gari halikulia. Norbert akaanza kupiga. Watu waliokuwa pembeni wanakumbuka jinsi muziki ulivyokuwa mzuri, na jinsi bibi harusi alivyocheka kwa furaha. Clemence anakumbuka sikio. Sikio la kushoto la Toussaint liligeuka nyuma, likatafuta, likakosa. Kisha na la kulia. Halafu macho yakatoka meupe, na maksai yule mpole akaruka kama aliyechomwa na moto.

Kamba ilipita katikati ya viganja vya Clemence na kuondoka na ngozi. Makovu bado yapo, mekundu na yanayong'aa. Gari liliushuka mteremko likirukaruka. Norbert alitupwa kwenye nyasi, fidla yake ikatoka bila hata mkwaruzo, jambo ambalo akina shangazi hawajamsamehe hadi leo. Mireille alitupwa chini kabisa, kwenye mawe ya gatini, mashua zinapofungwa.

"Nilisikia nyonga ikivunjika," anasema Clemence. "Watu wanasema haiwezekani, nilikuwa mbali. Mimi nawaambia nilisikia."

Harusi haikufungwa. Mireille alilala hospitali Winnipeg hadi Julai, na sasa anatembea kwa magongo mawili. Harusi imesogezwa hadi Septemba.

Kwa majuma kadhaa kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mmoja alisema ni nyigu. Mwingine alisema ni shela jeupe lililopepea. Norbert, kwa uchungu wa msanii, alidhani ni fidla yake. Toussaint mwenyewe alikuwa zizini hali wala hanywi, akisukuma kichwa kwenye pembe ya ukuta.

Kisha asubuhi moja farasi mzee wa kituo alipita nje akivuta gari jingine, kavu, likipiga mayowe yake. Toussaint akainua kichwa. Akageuka, akasogea kwenye hori na kuanza kula majani. Clemence alikuwa pale na ndoo mkononi.

"Hapo ndipo nilipoelewa, nikaketi chini nikalia. Maskini, alidhani gari limemfia mgongoni. Alidhani kuna kitu kingine kimekuja nyuma yake badala ya gari."

Kuelewa hakukumponya mtu. Mafuta yalikwanguliwa, ekseli mpya ikachongwa, kelele ikarudi. Lakini Toussaint, kila akifungwa gari, anatetemeka kuanzia mabegani. Na Clemence, kila akishika kamba, viganja vinatoka jasho hadi kamba inateleza. Mwoga anamwongoza mwoga, na kila mmoja anaisikia hofu ya mwenzake kupitia kamba ileile.

Janelle Friesen, meneja wa kituo, hana ubaya na Clemence. Ni mama mwenye sauti ya chini, na yeye ndiye aliyeomba mtihani huu badala ya lori moja kwa moja.

"Kampuni ya bima ilitaka aondoke siku ileile," anasema. "Nimewaomba wamwone kwanza. Lakini nimemwambia Clemence wazi, sitapata nafasi ya kuomba mara ya pili."

Gari linatolewa bandani. Juu yake kuna magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wanne. Linalia vizuri, yaani vibaya kabisa, na Toussaint anavuta hadi getini akitetemeka lakini akitii. Clemence anatembea kando ya kichwa chake, akimnong'oneza kwa lugha ya mama zake. Midomo yake haina rangi.

Kwenye dirisha la duka la kituo, kati ya mablanketi na masufuria ya shaba, amesimama Mireille na magongo yake. Aliapa kwamba leo hatakuja. Amekuja, lakini ameapa tena kwamba hataangalia.

Afisa wa bima anachelewa. Mvua inaanza, nyembamba kwanza, kisha ya kweli. Norbert anapendekeza wamfungue Toussaint na kumrudisha zizini.

"Nikimfungua hafungiki tena leo," Clemence anamjibu. "Mimi pia, nikiingia ndani sitoki."

Basi wanasimama palepale juu ya mteremko, mtu na mnyama, maji yakiwachuruzika. Mvua inapiga magunia, inapiga magurudumu, inaingia taratibu kwenye kitovu cha kila gurudumu, mahali mbao zinapokutana. Hakuna anayeliwaza hilo, maana siku za mvua magari hubaki bandani. Tangu Juni watu wote hapa wamewaza mafuta tu.

Afisa anafika hatimaye, kijana mtaratibu mwenye mwavuli, anaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa maksai. Wakati huohuo basi la wastaafu linaingia kwa barabara ya chini. Hakuna aliyewaambia kwamba njia ya gatini imefungwa. Wanashuka mmoja mmoja na makoti yao ya mvua ya rangi rangi, wanajipanga penye mawe yaleyale kutazama mashua. Kati yao kuna bibi kwenye kiti cha magurudumu, na magurudumu ya kiti yamezama kwenye tope.

"Waondoeni!" Janelle anapiga kelele kwenye redio ya mkononi. "Waondoeni hapo chini, wote!"

"Tunajaribu," inajibu redio. "Wanatembea polepole."

Clemence anawaona. Anasema aliwahesabu bila kutaka, na alipomfikia bibi wa kiti akaacha. Anamgeukia Janelle ili amwambie basi, tuache, leteni hilo lori. Anafungua mdomo.

Udongo uliolowa chini ya gurudumu la kushoto unakatika. Uzito wa magunia unasukuma, mkanda unamgonga Toussaint mapajani, na Toussaint anapiga hatua. Kisha ya pili. Wameshaingia mteremkoni.

Gari linatoa mguno mmoja tu. Kisha linanyamaza.

Mbao zimelowa. Zinateleza juu ya maji kama zilivyoteleza juu ya mafuta. Juu, getini, Norbert anaweka mikono yote miwili kichwani. Mvua inasikika, na hatua za maksai kwenye tope, na hakuna kingine.

Sikio la kushoto linageuka nyuma.

Clemence analiona. Anasema wakati huo hakuwa na mpango, hakuwa na hekima, hakuwa hata na sala. Kamba ilikuwa imelowa na viganja vimelowa. Aliwaona wazee kule chini wakiinua nyuso zao kumtazama, mmoja wao akipunga mkono. Sikio la kulia nalo likaanza kugeuka, na Clemence akapiga yowe.

"Niliogopa, ndugu yangu. Basi. Nilipiga yowe kama mtu anayekufa. Lilitoka lenyewe, jembamba, la juu, likapanda na kushuka, iiiiih-aaaah-iiiiih. Sijui kwa nini lilitoka hivyo. Nadhani ni kelele niliyoisikia maisha yangu yote, ndiyo iliyokuwa karibu na koo."

Sikio la kulia linasimama. La kushoto linarudi mbele.

Clemence bado anapiga yowe, kwa kuwa bado anaogopa, na hatua tatu zinapita kabla hajatambua kwamba Toussaint anatembea. Hakimbii. Ameegemea nyuma kwenye mkanda wake, analizuia gari, kichwa chini, kazini kama zamani. Hapo ndipo anapoelewa anachokifanya, na hofu inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa anajua hawezi kunyamaza.

Pumzi inaisha katikati ya mteremko. Lazima avute hewa. Anavuta, na katika ukimya huo mfupi mgongo wa Toussaint unakakamaa wote.

Nyuma yake, kutoka getini, sauti nyingine inaingia. Ni Norbert, anashuka kwenye tope akikimbia, masharubu yamelowa, anapiga yowe la gurudumu kwa sauti ya kiume iliyopasuka. Clemence anapata hewa na kuendelea. Norbert akikatika, Clemence anashika. Clemence akikatika, Norbert anashika. Janelle, mama wa sauti ya chini, anasimama juu kabisa akipiga yake pia, mbaya kuliko zote, machozi yakichanganyika na mvua.

Kule chini wastaafu wameacha kabisa kuondoka. Wanadhani ni maonyesho.

Toussaint anafika kwenye tambarare na kusimama mwenyewe. Kati ya pua yake na magoti ya bibi wa kiti kuna nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Bibi anamtazama, hana wasiwasi wowote, anamuuliza Clemence kama maksai huyu anauma.

Clemence ameshika pembe iliyopinda kwa mikono yote miwili, na anaendelea kutoa mlio mdogo, chini kwa chini, ingawa gari limeshasimama. Norbert anamzungushia mkono mabegani.

"Nyamaza sasa, dada. Tumefika."

"Nyamaza wewe kwanza," anasema, na sauti imekwisha.

Afisa wa bima anashuka na mwavuli wake akichagua pa kukanyaga. Anauliza kama ndivyo inavyofanyika kila siku. Norbert anamwambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba ndivyo, hasa siku za mvua. Afisa anagusa shingo ya Toussaint, halafu anasema maksai anaweza kubaki. Ila hapandi mtu garini mbao zikiwa zimelowa, na kamba ishikwe na watu wawili. Janelle anakubali kabla hajamaliza kusema. Lori la Jumatatu linafutwa kwa simu palepale.

Mtu angetegemea Clemence afurahi. Amekaa dukani, blanketi la maonyesho mabegani, kikombe cha chai kinagonga meno yake.

"Nimefurahi kwamba hafi," anasema kwa mnong'ono, maana koo limebaki na mnong'ono tu. "Lakini hofu haijaondoka, usiwadanganye wasomaji wako. Kesho kuna safari ya saa nne, na ya saa sita, na ya saa nane. Kila moja lazima nishuke. Na Septemba wanakuja kumwoza binti yangu palepale mtoni."

Kuhusu harusi hiyo, matumaini yake ni madogo na anayataja kwa woga. Hataki Mireille apande gari. Hatamwomba. Anataka tu siku hiyo Mireille asimame juu, awatazame mama yake na Toussaint wakishuka, na asifumbe macho.

Mireille yuko nyuma ya kaunta, ameegemeza magongo kwenye rundo la ngozi. Clemence anamuuliza, bila kumtazama, kama aliangalia.

"Nilifumba," anasema Mireille. "Halafu nikakusikia."

"Ukafumbua?"

"Nikajua ni wewe. Mama, una sauti mbaya."

"Najua."

"Na Norbert hana pumzi, amezeeka. Mngefika nusu mkakatika nyote wawili." Mireille anasogea taratibu, gongo moja, gongo la pili, anakuja kuketi kwenye pipa karibu na mama yake. "Septemba kunanyesha sana huku. Nifundishe."

Clemence anaweka kikombe chini. "Utapanda?"

"Sijasema nitapanda. Nimesema nifundishe."

Nje wageni wanapita na makoti yao. Clemence anajiweka sawa kwenye kiti, anavuta hewa kidogo, kadiri koo linavyoruhusu.

"Anza chini," anamwambia. "Halafu panda. Ikitoka mbaya usiogope, inatakiwa iwe mbaya."